Mvuvi baharini kwa rangi za mafuta, mchoraji yuko Dodoma. Wajuzi wa bahari na wa picha, karibuni

Brashi Kavu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mwenye mgahawa wa samaki hapa Dodoma kaniagiza picha kubwa ya ukutani, sentimita 120 kwa 80, rangi za mafuta juu ya turubai. Anataka mvuvi akiwa kazini baharini. Ametoa masharti mawili: picha iwe "kama ya kweli kabisa", na mvuvi asitazame kamera. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikubali kabla hatujagusa habari ya hela.

Nafungua uzi kwa sababu humu kuna watu wa pwani nataka kuwachota ujuzi, na pia kwa sababu nina neno langu kuhusu picha za wavuvi tunazozikuta mahotelini.

Neno lenyewe: nyingi zinazosifiwa kuwa halisi hazina kazi ndani yake. Utamkuta mzee, ndevu nyeupe, mikunjo ya uso imechorwa mmoja baada ya mwingine, tone la maji limening'inia puani. Watu wanasema aisee, hii si imepigwa picha? Sasa shusha macho kwenye mikono. Wavu ameushika kama mtu aliyeonyeshwa khanga dukani. Hauna uzito. Chombo kimetulia sawasawa, hakijainama popote, wakati mawimbi ya nyuma yake ni ya kuzamisha meli. Shati linapepea kushoto, tanga limejaa kulia. Mchoraji wa namna hiyo amejua ngozi, basi. Bahari hajaiuliza kitu.

Kwangu mimi uhalisia unaanza na uzito. Mtu anayetoa kitu kizito majini, mwili wote unahusika: goti limebanwa ubavuni mwa chombo, mgongo umeenda nyuma, vidole vya miguu vimekamata mbao, na chombo chenyewe kimelala upande anaovutia. Ukiyapata hayo, uso unaweza kuumaliza kwa mapigo matatu ya brashi na hakuna atakayelalamika.

Mfano ninaoupenda ni wa Mmarekani Winslow Homer, ile "Onyo la Ukungu" ya mwaka 1885, iko kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston. Mvuvi yuko peke yake kwenye kiboti cha mbao, anapiga makasia. Tezi, yaani nyuma ya chombo, wamelala samaki bapa wakubwa aina ya halibut, na kwa sababu uzito wao uko huko, omo, yaani mbele, imenyanyuka juu ya wimbi. Amegeuza kichwa kuitazama meli yake iliyo mbali kwenye upeo, na huko huko ukungu unapanda. Uso wake huuoni vizuri. Lakini ukikaa na ile picha dakika mbili unaanza kupiga hesabu pamoja naye: umbali ule, mzigo huu, ukungu ule, nitawahi? Hata jina la kwanza la picha halikuwa na mbwembwe, lilikuwa la kazi tu: uvuvi wa halibut.

Nataka kitu cha namna hiyo, ila kiwe cha kwetu: ngalawa, mshipi (uzi wa kuvulia kwa mkono), Bahari ya Hindi. Karibuni.

Zabibu Chachu

Nimewahi siti ya mbele. Ila mkuu, uzi wa picha bila picha?

Brashi Kavu

Turubai bado jeupe, nikuonyeshe nini? Tulia.

Mwana Kolo

Mleta mada nakuheshimu, lakini ngoja nikuchokoze. Dodoma na bahari wapi na wapi? Sisi watu wa kanda ya kati tuna picha kongwe kuliko mahoteli yote ya pwani. Nenda Kolo kule Kondoa, michoro ya miambani, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wale wazee walichora twiga, pofu, watu warefu wembamba, kwa rangi nyekundu, na miamba bado inaongea. Hawakuchora nyangumi. Walichora walichokijua. Wewe una bwawa la Mtera hapo, una la Hombolo, wavuvi wapo, jua lipo, maji yapo. Unakimbilia ngalawa ya nini?

Kijana wa Ipagala

Mnajisumbua bure. Akili mnemba inakutolea mvuvi kwa sekunde kumi, unaenda kuchapisha kwenye turubai, unampelekea mteja. Nani atajua?

Nahodha Mstaafu

Mimi nitajua.

Nimeiona moja ya hizo za akili mnemba, mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu. Ngalawa ina tengo, ile mbao ya ubavuni inayozuia chombo kisipinduke, upande mmoja tu. Ya kwetu ina matengo mawili, kulia na kushoto. Mshipi unaingia kwenye ngumi ya mzee na kutokea kwenye kiwiko. Na jua linazama baharini! Kijana, pwani yetu ya bara inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nchi kavu, kwenye minazi. Anayetaka jua lizame majini avuke Unguja, akae upande wa mji, pale sawa. Nusu ya picha za mahoteli ya bara zina kosa hili na wenye hoteli wanazitazama kila siku.

Mleta mada, uliza unachotaka. Nimekulia kwenye mshipi, sasa niko huku Dodoma kwa binti yangu nakula vumbi.

Brashi Kavu

Shikamoo Nahodha. Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri.

Nina maswali matatu. Moja, mtu anavua mshipi, je, tanga liko juu au limeshushwa? Mbili, mshipi unashikwaje hasa, nataka kidole kwa kidole. Tatu, ngalawa ikiwa imesimama inatazama wapi?

Mwana Kolo, wewe nakujibu baadaye, hoja yako si ya kupita nayo juu juu.

Nahodha Mstaafu

Marahaba.

Tanga. Kama ni mshipi wa chini, unatia nanga, tanga limeshushwa na kuzungushwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, limelazwa. Hakuna mtu anavua changu tanga likiwa limejaa upepo. Tanga likiwa juu na mshipi uko majini, ujue anaburura, anatafuta nguru au kolekole, na hapo chombo kinakimbia, nyuma kuna povu, tengo la upande wa upepo limenyanyuka na lile la chini linakata maji. Chagua moja. Usichanganye.

Kushika. Mshipi haushikwi kwa ngumi. Unapita juu ya kidole cha shahada, kidole kimenyooka kidogo, kile ndicho kinachosikia. Samaki akigusa chambo hukioni kitu kwa macho, unasikia kwenye nyama ya kidole. Wengine huvalisha kidole kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, maana samaki mkubwa akikimbia mshipi unachana. Mkono wa pili ndio unaovuta, na mshipi uliovutwa unaangukia miguuni kwa miduara. Ukichora mvuvi wa mshipi bila miduara ile miguuni, umechora mtu anayepunga upepo.

Akishapata, anainuka? Hapana. Kwenye ngalawa huinuki ovyo, ni nyembamba ile, gogo la mwembe limechongwa. Anavuta akiwa amekaa au amepiga goti, na magoti yanagusa pande zote mbili.

Chombo kilichotia nanga kinatazama maji yanakotoka au upepo unakotoka, kipi kina nguvu. Basi kamba ya nanga iende mbele, mbali, imelala. Isining'inie wima pale chini ya omo labda iwe maji ni ya magotini.

Na usisahau upo wa kufulia maji. Siku hizi ni dumu la mafuta ya kula lililokatwa. Hakuna ngalawa isiyoingiza maji.

Zabibu Chachu

Aisee. Dumu lililokatwa. Hilo akili mnemba hailijui.

Brashi Kavu

Nahodha, umenichorea nusu ya kazi. Dumu naliweka, la njano, litanisaidia: nina buluu na kahawia kila mahali, njano kidogo chini ya goti itavuta jicho kwenye miduara ya mshipi.

Sasa Mwana Kolo. Unasema tuchore tunachokijua. Nakubali nusu. Lakini hiyo picha ya Homer niliyoisifu, unajua mtu aliyekuwa mfano wa yule mvuvi alikaa wapi? Mchangani. Mtu wa pale kijijini aliwekwa kwenye kiboti kilichopandishwa nchi kavu, kikaegemezwa kwenye tuta la mchanga ili kiiname kama kiko juu ya wimbi. Wimbi lenyewe Homer alilijua kwa kulitazama miaka: alikaa Cullercoats, kijiji cha wavuvi Uingereza, 1881 hadi 1882, kisha akaenda kuishi Prouts Neck, kwao Marekani, kwenye ukingo wa bahari. Kwa hiyo mwili unaweza kuusoma nchi kavu, bahari lazima uiendee. Mwili nitausoma Mtera, wanaovuta nyavu pale wanavuta kama wanaume wengine wowote. Bahari nimeishi nayo Tanga nikiwa shule, na daftari la michoro la enzi hizo ninalo.

Nieleze kidogo ninavyopanga, kwa wanaojifunza.

Kwanza upeo, ule mstari wa bahari na mbingu. Mstari ule siku zote uko usawa wa macho ya anayetazama. Nikitaka mtazamaji ajione amekaa ndani ya ngalawa na mvuvi, mstari upite usawa wa macho ya mvuvi. Nikiushusha hadi kiunoni mwake, mtazamaji yuko majini anamwangalia kwa chini, na mvuvi anakuwa sanamu la shujaa. Wachoraji wengi wanaushusha bila kujua wamefanya nini. Mimi nauweka kwenye macho. Mteja wa mgahawa atakuwa amekaa na sahani yake, naye mvuvi amekaa, wako sawa.

Pili rangi ya ngozi. Hapa ndipo picha nyingi za watu wetu zinapokufa. Mtu anachukua kahawia, anatia nyeusi kwenye kivuli na nyeupe kwenye mwanga, basi mvuvi anatoka kijivu, kama ana homa. Ngozi nyeusi yenye jasho baharini ni kioo. Bega linalotazama juu linachukua buluu ya mbingu, kwa hiyo pale pang'aapo si peupe, ni buluu nyepesi iliyopoa. Chini ya kidevu na chini ya mkono, ambako ungetegemea giza, kuna mwanga unaorudi kutoka majini, wa kijani kidogo. Giza lenyewe nalipata kwa kuchanganya amba iliyochomwa (kahawia iliyokoza) na buluu ya ultramarini. Tyubu nyeusi sifungui kabisa.

Tatu tabaka. Chini rangi nyembamba yenye tapentaini, juu ndiyo inayoongezewa mafuta ya kitani. Ukigeuza, ya juu inakauka kabla ya ya chini na picha inapasuka. Naanza na kahawia tupu, mwanga na kivuli pekee, hadi uzito wa mwili ukae. Kama mvuvi havuti kwa kahawia, hatavuta hata ukimpa rangi zote za dukani.

Mama Kitoweo

Mimi sijui kuchora, nauza samaki Majengo. Nimesoma hadi hapo kwa sababu ya Nahodha na kile kidole. Watu wanakuja mezani kwangu, "mama, mbona ghali, mbona ghali". Nataka picha ya kuwajibu hao.

Brashi Kavu

Mama, picha yako ipo tayari na jina lake linakutosha. Mhispania Joaquín Sorolla, mwaka 1894, "Na bado wanasema samaki ni ghali!" Iko Madrid, makumbusho ya Prado. Ndani ya chombo, chini, kijana mvuvi ameumia, kifua wazi, rangi imemtoka, wazee wawili wamemshika, mmoja anamkandamiza jeraha. Samaki wamelundikana nyuma huko. Hakuna wimbi hata moja linaloonekana na bado unajua bahari imefanya nini.

Mama Kitoweo

Hiyo. Hiyo ndiyo nitundike.

Kijana wa Ipagala

Sawa nimeelewa, nimejishusha. Swali la ukweli sasa: hizo rangi za mafuta ndizo zile za kupaka madirisha? Maana hizo dukani zipo tele.

Brashi Kavu

Hapana, ingawa usizidharau. Edward Tingatinga alipoanza Dar mwaka 1968 alitumia rangi za makopo za namna hiyo kwenye hadibodi, na mtindo umezunguka dunia. Ila zile zinakauka haraka na kung'aa, kazi yake ni rangi bapa na mstari safi. Mimi nahitaji rangi inayobaki mbichi siku kadhaa ili shavu liyeyuke kwenye kivuli. Za tyubu nazitoa Dar. Nyeupe inakwisha kwanza, siku zote, nunua kubwa.

Na kwa wa Dodoma wenzangu: rangi hizi hazikauki kwa kutoa maji, zinakauka kwa kuvuta hewa, polepole, na wakati wote huo zinanata. Upepo wetu wa Agosti na vumbi lake jekundu ni adui. Mimi naigeuza picha, uso unaangalia ukuta, imeinama kidogo kwa mbele, usiku naifunika shuka bila kugusa. Anga la bahari likiingia vumbi la Kizota hakuna atakayedanganyika. Vanishi ya mwisho ngoja miezi sita, hata mteja akipiga simu kila wiki.

Mwana Kolo

Umenijibu vizuri lakini hujanishawishi. Homer alichora watu wa kijiji alichohamia. Wewe mteja wako anauza samaki gani?

Brashi Kavu

Sijamuuliza. Ngoja nimpigie.

Brashi Kavu

Nimempigia. Wakuu, kaeni vizuri.

Anasema anafurahi kazi imeanza, na ana ombi dogo: ndani ya ngalawa niweke sato watatu, wakubwa, waonekane vizuri, kwa sababu ndio anaowauza zaidi.

Nahodha Mstaafu

Sato. Baharini.

Zabibu Chachu

😂😂😂 Nimeanguka kwenye kiti.

Nahodha Mstaafu

Mjukuu wangu, ukiweka sato kwenye ngalawa kwenye maji ya chumvi, jina langu usilitaje popote. Na kile kidole cha shahada nirudishie.

Kijana wa Ipagala

Si amesema "kama ya kweli kabisa" 😂

Mwana Kolo

Haya sasa. Nilisema mimi. Anauza samaki wa maji baridi kwa watu wa nchi kavu, na anataka bahari kwa sababu anadhani uvuvi wenye heshima ni wa baharini. Mchoree bwawa. Maji ya Mtera jioni, ile miti mikavu iliyosimama majini, mtumbwi, perege. Hakuna hoteli ya pwani yenye picha hiyo.

Mama Kitoweo

Mwambie achague. Abadilishe picha au abadilishe anachouza. Na kama ni Mtera, mvuvi avutaye awe na shati limechanika begani, mimi nawajua wale, shati zima ni la kuuzia mnadani.

Brashi Kavu

Nimekaa na hili tangu asubuhi. Mteja bado anataka bahari, ila nimemwambia sato hapandi ngalawa yangu. Tumekubaliana nimpelekee michoro miwili midogo ya mkaa: mmoja ngalawa yenye changu na kolekole, alfajiri, mwanga unatoka baharini kama Nahodha alivyosema. Wa pili Mtera, mtumbwi, wavu, na hapo sato au perege anayemtaka atapata nafasi yake halali. Nitamlipisha michoro yote miwili. Nisiwafiche, mkono unaelekea Mtera. Ile miti mikavu ya Mwana Kolo imeniharibia usingizi: inasimama wima, maji yanalala, mtu katikati anavuta wavu kwa mshazari. Picha karibu imejipanga yenyewe.

Mwana Kolo, kabla sijapanda basi: wanatoa nyavu saa ngapi, alfajiri au jioni? Na mtumbwini wanakuwa wawili au mmoja? Kama ni wawili, mmoja anafanya nini na kafi wakati mwenzake anavuta?

Mwana Kolo

Alfajiri. Wawili. Wa nyuma anazuia mtumbwi usizunguke, kafi ameizamisha ubavuni, haipigi, ameikaza tu. Mwangalie mgongo wake huyo. Wote wanamwangalia anayevuta.

Brashi Kavu

Huyo wa nyuma ndiye namtaka. Naondoka Jumamosi.